Ulikuwa ukifua nguo za nani?

Daktari aliigeuza kompyuta yake ili Mama Mkubwa naye aione picha ya kifua chake. Kwa ncha ya kalamu akafuata mstari mweupe uliolala juu ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia, chini ya pafu la kulia, kisha akahamia la kushoto akaonyesha mwingine. Alisema hayo ni mabaka magumu kwenye utando unaoyafunika mapafu, na mengine tayari yamefanya chokaa. Akaiweka kalamu chini, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza tangu tuanze kuzunguka kliniki.

"Mama, mzee alikuwa akifanya kazi gani?"

"Marehemu? Alikuwa bandarini. Kwenye meli."

"Kwenye meli akifanya nini hasa?"

"Mabomba. Wakiyavua zile nguo za mabomba ya moto, wakiyavika mpya."

"Na nguo zake mwenyewe, zikifuliwa na nani?"

Mama Mkubwa alimtazama kwa mshangao. "Angezifua nani, daktari, kama si mimi?"

Daktari aliandika kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeketi kando, mkoba wa Mama Mkubwa mapajani mwangu. Swali lile la mwisho halijaniondoka mpaka leo. Wiki zimepita, nalala nalo, naamka nalo, na naona bora niliandike.

## Maswali tuliyoyazoea

Kabla ya siku ile Mama Mkubwa alishaulizwa mengi. Amewahi kuvuta sigara? Hajawahi. Anapikia nini? Makaa, na zamani stovu ya mafuta ya taa. Kuna mtu nyumbani aliyeugua kifua kikuu? Akapimwa makohozi, hakikuonekana kitu. Akarudishwa kupimwa tena, vilevile. Akapewa dawa ya pumu ya kupuliza, akaipuliza kwa uaminifu asubuhi na jioni, na ngazi za kwa binti yake zikazidi kumshinda.

Na kazi?

"Mama wa nyumbani."

Hapo kalamu ilikuwa ikiruka mstari. Najua hali ya kliniki zetu: daktari mmoja, benchi zimejaa, wengine wamesimama ukutani tangu alfajiri. Lakini jibu lile nimelifikiria sana. Tukishamwandika mtu "mama wa nyumbani" tunakuwa tumeshaamua kwamba hakuna cha kazini kilichowahi kumgusa. Fomu zinachukulia kwamba bandari inaishia getini na nyumba inaanzia mlangoni, na kati ya hapo hakuna kinachovuka.

Kinavuka. Kinapanda feri ya Likoni pamoja na wafanyakazi wengine jioni, kinashuka, kinatembea mpaka nyumbani.

## Vumbi lenyewe

Baba Mkubwa aliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwenye ukarabati wa meli Kilindini, bandari ya Mombasa. Meli za enzi zile, chumba cha injini kilikuwa kimejaa asbesto. Ilifungwa kwenye boila, ikazungushiwa mabomba ya mvuke, ikatiwa kwenye gaskiti na kwenye mabamba ya kuta. Ilipendwa kwa sababu haishiki moto, haiozi, inazuia joto, na bei yake ilikuwa nafuu. Sheria za kimataifa za usalama wa meli zilianza kuibana asbesto mpya melini Julai 2002 na kuizuia kabisa Januari 2011. Meli zilizojengwa kabla ya hapo ziliendelea kusafiri nayo tumboni, na mtu wa kuzitengeneza alikuwa anakutana nayo.

Kuivua ni kubaya kuliko kuivika. Ile kuukuu imeshakauka kwa joto la miaka, ukiigonga inapukutika.

Asbesto ni jiwe, lakini ni jiwe la nyuzi. Uzi mmoja hupasuka kwa urefu ukawa mwembamba zaidi, na huo nao hupasuka, mpaka jicho haliuoni tena na hewa inaweza kuubeba kwa saa nyingi. Ukivutwa ndani, ule mrefu na mwembamba unafika mwisho kabisa wa pafu. Chembe za mwili zinazokula uchafu hujaribu kuumeza, zikashindwa, zikafa, na uzi ukabaki pale pale. Mwili hauwezi kuuyeyusha. Unachofanya ni kuujengea kovu.

Ndipo miaka inapopita. Mara nyingi 20, 30, hata zaidi ya 40.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeziweka aina zote za asbesto katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nyeupe, kahawia, buluu, zote. Kuna asbestosisi, yaani pafu lenyewe kujaa makovu, na huo kwa kawaida humpata aliyevuta vumbi jingi kwa muda mrefu. Kuna saratani ya mapafu. Na kuna mesothelioma, saratani ya ule utando unaoyafunika mapafu au tumbo, ambayo imewapata hata watu waliovuta vumbi kidogo kuliko wafanyakazi wenyewe. Kwa habari ya nyumbani, huo wa mwisho ndio unaonitisha.

Mabaka ya Mama Mkubwa si saratani. Daktari alilirudia hilo, nami nalirudia hapa kwa ajili ya msomaji aliyeshaanza kuogopa: mabaka hayageuki saratani. Ni alama kwamba nyuzi zilipita. Yeye pia amepata makovu kidogo ndani ya mapafu, na hayo ndiyo daktari anayoyashuku kwa pumzi yake kukatika.

## Mlangoni

Nilikwenda kwake Likoni siku chache baadaye, nikamwomba anieleze zile jioni. Alipenda kuulizwa. Sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza kuhusu kufua.

"Akija kaenea, mwana wewe, kope zote nyeupe. Mtu asiyemjua angesema atoka kinuni kusaga unga. Namwambia simama hapo hapo, usinitilie vumbi kwenye mikeka. Nachukua kitambaa nampangusa mabega, mgongo, nywele. Nayo ovaroli naikung'uta nje ya mlango kabla sijairoweka, maana usipoikung'uta yafanya tope kwenye karai."

Watoto walikuwa wakimkimbilia kabla hajapanguswa. Binti yake, ambaye kwangu ni dada mkubwa, anakumbuka kuchora kwa kidole kwenye mgongo wa ovaroli wakati baba yake ameketi kunywa chai. Siku ambazo si za kufua, ovaroli ilitundikwa msumarini nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Chumba kilikuwa kimoja. Walilala humo wote.

Ikifika siku ya kufua aliroweka nguo za kazi na nguo nyingine pamoja, maana maji yalikuwa ya kuchota. Leso zake, kanzu ya Ijumaa, nguo za watoto, shuka. Nilimuuliza kama kufua si ndiko kulikoliondoa vumbi. Akasema alivyoona yeye, ndiyo. Ukweli ni kwamba maji huzitoa baadhi ya nyuzi na nyingine huzihamishia kwenye kile kilichorowekwa pamoja. Nguo ikikauka na kukung'utwa tena ili ikunjwe, zinapanda hewani upya. Na yale mapigo ya kwanza pale mlangoni, kabla ya maji, ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu anayekung'uta huwa uso wake uko karibu na nguo.

Alifanya hivyo miaka na miaka.

Nilikuwa naandika huku namtazama mikono. Alikuwa ananionyesha, anakunja ngumi mbili hewani na kupiga chini, mara moja, mara mbili, kwa nguvu ya mtu anayejua kazi yake.

## Walijua lini

Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta, na hapa ndipo usingizi uliponipotea kweli.

Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini, Wagner na wenzake wawili, walitangaza wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wao kutoka eneo la machimbo ya asbesto ya buluu kaskazini-magharibi mwa jimbo la Cape. Baadhi hawakuwahi kuchimba. Walikuwa wameishi karibu tu, wengine walipokuwa watoto.

Mwaka 1965 Muriel Newhouse na Hilda Thompson walichapisha uchunguzi wao wa London. Walichukua wagonjwa wa mesothelioma wa hospitali moja ya huko, wakaenda kuuliza historia ya kila mmoja mpaka nyumbani kwake. Tisa walikuwa hawajafanya kazi ya asbesto hata siku moja. Kilichowaunganisha nayo ni jamaa aliyekuwa akiifanya. Wengi wao walikuwa wake waliofua nguo za kazi za waume zao. Wawili walikuwa wanaume ambao udogoni, wakiwa na umri wa miaka 8 au 9, dada zao walifanya kazi kiwandani. Na mmoja wa wake wale, mumewe alikuwa mfanyakazi wa bandari. Kila jioni, kwa miaka mitatu au minne, alirudi nyumbani mweupe kwa asbesto, na mkewe akimpangusa.

Nilisoma sentensi hiyo nikasimama. Nikatoka nje ya nyumba.

Yule ni wa London, na huyu ni wa Likoni, lakini hawa wanawake wawili walifanya kitendo kile kile, na cha yule wa kwanza kilikuwa kimeshaandikwa kwenye jarida la madaktari kabla Baba Mkubwa hajaajiriwa. Oktoba 1965 habari hiyo ilikuwa hata kwenye gazeti la Jumapili la Uingereza. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya huko, katika kesi ya mke wa fundi boila wa meli wa Liverpool, ilisema kwamba kabla ya mwezi ule wa 1965 mwajiri hakutarajiwa kuijua hatari ya nguo nyumbani. Mama yule akashindwa kesi, kwa kuwa mumewe aliacha kazi ile mapema mwaka huo. Uamuzi ule unaniuma kwa ajili yake. Lakini uugeuze uutazame upande wa pili: baada ya mwezi ule, wale waliokuwa na majarida na magazeti mikononi hawana tena la kusema.

Ushahidi uliendelea kuja. Huko Paterson, New Jersey, watafiti waliwapiga eksirei watu walioishi nyumba moja na wafanyakazi wa kiwanda cha asbesto kilichofungwa 1954. Takriban mmoja kati ya watatu alionekana na mabadiliko kwenye mapafu au utando wake. Casale Monferrato, Italia, penye kiwanda cha saruji ya asbesto kilichofunguliwa 1907 na kufungwa 1986, wake wa wafanyakazi waliendelea kufa kwa mesothelioma miaka mingi baada ya mashine kuzimwa. Mwaka 2013 watafiti waliojumlisha tafiti za aina hii walikadiria kwamba anayeishi na mfanyakazi wa asbesto ana hatari ya mesothelioma mara tano hivi ya mtu wa kawaida. Ugonjwa wenyewe ni adimu, kwa hiyo mara tano haimaanishi kila nyumba. Inamaanisha nyumba fulani, na mama fulani.

Mwaka 1986 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 162 kuhusu asbesto. Kifungu chake cha 18 kinataka sheria za nchi zikataze nguo za kazi kupelekwa nyumbani, na kinamwachia mwajiri jukumu la kuzisafisha. Yaani mtu mmoja alikaa chini Geneva akaiona ile ovaroli msumarini, akaandika kwamba isiwepo.

Ilikuwepo.

## Inawezekana ni kitu kingine?

Hili lilinitesa. Nina hasira, na mtu mwenye hasira huona anachotaka kuona.

Moshi wa makaa unaharibu mapafu, hilo halina ubishi, na Mama Mkubwa amepikia makaa maisha yake yote. Kifua kikuu nacho huacha makovu yenye chokaa. Nilimrudia daktari na shaka hizi. Alizijibu moja baada ya nyingine bila kuharakisha. Moshi hautengenezi mabaka ya namna ile kwenye utando. Kovu la kifua kikuu mara nyingi hukaa upande mmoja, likiwa nene na limetapakaa. Mabaka yaliyo pande zote mbili, yamelala juu ya kiwambo na kando ya mbavu, yana chokaa, kwa mtu aliyeishi na mtu aliyekuwa akivua asbesto ya mabomba ya meli, hayaachi nafasi kubwa ya kubahatisha. Kuhusu kukatika kwa pumzi alikuwa mwangalifu zaidi. Akasema makaa yana sehemu yake, na asbesto ina sehemu yake, na hakuna mizani ya kuzigawa.

Nilimuuliza pia juu ya Baba Mkubwa. Alifariki kwa ajali ya gari miaka mingi iliyopita, kifua chake kikiwa hakijalalamika hata kidogo. Inawezekanaje aliyekuwa ndani ya vumbi asiugue, augue wa mlangoni? Daktari akasema hatuwezi kujua angeugua nini kama angeishi. Miaka yake ilikatizwa kabla ya nyuzi kumaliza hesabu.

Watu wakisikia habari hii huuliza kwanza kuhusu mapaa ya asbesto. Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa ya makuti, baadaye mabati, kwa hiyo paa halimo kwenye kisa hiki. Kwa wanaoishi chini ya yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi: likiwa zima, liache. Usilitoboe, usilikate kwa msumeno, usilisugue, usivunje vipande ukajengea banda la kuku. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, na kuliondoa paa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, likiwa limelowa maji na kufungwa vizuri. Kijana wa mkono mtupu na nyundo asiitwe, hata akikubali bei ndogo, maana jioni atarudi kwao na shati lile lile.

## Kumwambia

Dada yangu hakutaka. Alinipigia simu usiku akasema, "Mama amepita sabini. Unamwambia ufuaji wake ndio uliomtia maradhi ili iwe nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kumfulia mume, kumpokea mlangoni, kumpangusa vumbi, hayo kwa Mama Mkubwa yalikuwa mapenzi yaliyofanyiwa kazi kila siku. Nilihisi nikienda kumwambia, nitaingia ndani ya ndoa yake nikiwa na viatu. Kwa siku kadhaa nilikubaliana na dada. Nikasema moyoni, acha iishie kwenye faili.

Kilichonibadilisha ni Mama Mkubwa mwenyewe. Nilikuwa nimempelekea dawa. Akaniketisha, akasema:

"Mimi nalimuona daktari akiandika. Mtu haandiki vile kwa jambo dogo. Ni ile kazi ya meli, sivyo?"

Nikasema ndiyo, Mama.

Akanyamaza. Akasema, "Maskini, naye hakujua." Nilidhani ataishia hapo. Akaniuliza, "Na wanangu?"

Sote tulikuwa tumekaa tukijadili kumficha mgonjwa ugonjwa wake. Yeye alikuwa ameshavuka hapo siku nyingi, anawahesabu waliolala chumba kile. Kumnyamazia kungemnyima nafasi ya kufanya la mwisho alilotaka kulifanya kama mama yao.

Akawaita wote wawili, dada na kaka, akawaambia mwenyewe.

## Kujua kunasaidia nini

Mabaka hayana dawa. Nyuzi hazitolewi. Dada alilisema hilo mbele ya mama yake, kwa uchungu, na ni kweli. Basi kwa nini mtu ajue?

Kwa sababu kaka anavuta sigara. Asbesto na sigara zikikutana katika mtu mmoja, hatari ya saratani ya mapafu haijumlishwi tu, inazidi kwa mbali ya kila moja peke yake. Kwa mesothelioma sigara haiongezi kitu, lakini kwa saratani ya mapafu inaongeza sana, na kuacha kunaipunguza. Hilo lipo mkononi mwake. Mama yake alimwambia aache, na safari hii aliweza kumwambia sababu ambayo haikuwa nasaha za kawaida. Ameanza. Ni vigumu kwake na sitasema zaidi ya hapo.

Pia kwa sababu siku mmoja wao akija kupata maji kwenye mapafu, au maumivu ya kifua yasiyoondoka, Mombasa jambo la kwanza kufikiriwa litakuwa kifua kikuu, na inafaa lifikiriwe. Lakini akiwa na karatasi inayosema baba yangu alivua asbesto melini na mimi niliishi naye, daktari atakuwa na pa kutazama pengine. Tumeziandika karatasi hizo. Miaka ya kazi, aina ya kazi, nani alifua, nani alilala chumba kipi. Kila mmoja anayo yake.

## Wake na watoto hawamo

Nilipotafuta kama Mama Mkubwa anaweza kulipwa chochote, nilikuta Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Inamtambua mfanyakazi aliyepata ugonjwa wa kazi, na akifa inawatambua wanaomtegemea. Mke aliyeugua yeye mwenyewe kwa vumbi la kazi ya mumewe si mfanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunawa na mahali pa kuweka nguo. Ikifuatwa kwa dhati, nyumba nyingi zitapona. Lakini anayefua hatajwi kama mtu wa kulindwa. Analindwa kwa bahati, kama mwajiri wa mumewe ni mwema.

Mombasa tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Owino Uhuru, kule Changamwe, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia madini ya risasi kwenye hewa, udongo na damu za watu. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda chenyewe, na aliyeugua ni mwanawe mchanga. Hapo ndipo alipoanza kupigana. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Juu ikaurudisha ushindi huo mwaka 2024. Risasi inapimwa damuni leo, na mtoto anaugua leo, kwa hiyo mtu anaweza kusimama na kuonyesha. Asbesto inangoja mpaka kampuni ibadilishe jina, mafaili yaliwe na mchwa, shahidi azikwe. Bado naamini tunahitaji kile kile alichokianza Omido, yaani mtu kuuliza kilichomfikia aliye nyumbani.

Siku moja nilisimama Jomvu kwenye karakana ya malori. Kijana alifungua drami ya gurudumu, akachukua mpira wa kompresa akapuliza vumbi la breki. Likapanda likamzunguka kichwa. Lainingi za breki zilitengenezwa kwa asbesto kwa miongo mingi, na zipo nchi ambazo bado zinaitia asbesto nyeupe kwenye bidhaa hizo. Kwa macho huwezi kujua ipi inayo na ipi haina, mpaka maabara. Nilimuuliza kama hapo pana pa kuogea. Akacheka kwa upole, akanionyesha mfereji mmoja uliokauka. Anaishi Mikindani, ana mke na mtoto anayetambaa.

Nilizungumza na mwenye karakana. Hakunifukuza. Alisema kitambaa kilicholoweshwa badala ya kompresa anaweza kuanza nacho kesho, hakina gharama. Chumba cha kubadilisha nguo na pipa la maji, akasema, atafikiria. Kuhusu nguo kufuliwa hapo hapo karakana alitikisa kichwa: hakuna karakana barabara hii inayofanya hivyo, na yeye hatakuwa wa kwanza kubeba gharama hiyo. Nilimwambia nitamrudia kwa hilo, nitakapokuwa nimezungumza na wenzake wa jirani ili asiwe peke yake.

Yule kijana alinisindikiza mpaka barabarani. Aliuliza kama ni kweli, au nimekuja kumtisha. Nikamweleza habari ya Mama Mkubwa. Akafikiri, akasema mkewe ndiye anayefua, na kwamba yeye hawezi kumweleza vizuri kama nilivyomweleza mimi. Jumamosi nimealikwa Mikindani, na Mama Mkubwa amesema atakuja nami, tukodi tuktuk, apumzike njiani anapohitaji.